Ejo Kagunga

Viatu vya baba vya safari vilining'inia kwenye msumari sebuleni kwetu Ujiji tangu nikiwa darasa la pili. Vilikuwa vya ngozi nyeusi, soli nene, kamba ndefu. Alivinunua ili atembee kwa miguu kutoka Ujiji hadi Tabora kwa njia ya zamani ya misafara, ile ambayo babu yake aliipita na mzigo kichwani baada ya kuvushwa ziwa kutoka Umanyema. Kila mgeni aliyeingia kwetu alisimuliwa safari hiyo kabla hajamaliza chai: pa kulala, pa kuvukia Malagarasi, pa kupumzika siku ya Ijumaa. Mama alivipaka mafuta kila Ramadhani ilipokaribia ili ngozi isipasuke. Mpaka miaka ya wakimbizi inafika, viatu hivyo vilikuwa havijakanyaga hata matope ya mtaa wetu wa Buzebazeba.

"Mwaka huu," baba alikuwa akisema. Tulicheka mpaka tukachoka kucheka. Tukakua, dada yangu mkubwa akaolewa Rumonge, upande wa Burundi, na mfanyabiashara wa mawese. Mimi nikawa mwalimu wa shule ya msingi. Viatu vikabaki pale pale.

Kisha vita vikaingia Burundi na mji wetu ukajaa. Magari meupe yalipita hadi vichochoro ambavyo zamani vilikuwa vya mbuzi. Watu walilala uwanja wa mpira, walilala kandokando ya kuta za msikiti, na karibu kila nyumba ilikuwa na mtu inayemsubiri. Sisi tulikuwa tunamsubiri dada na binti yake mdogo, ambaye ndio kwanza alikuwa anajifunza kuongea. Hatukujua kama wako hai.

Hofu yetu nyingine ilikuwa malori. Waliokuwa wakivuka mpaka walikusanywa kwenye barabara ya kwanza waliyoifikia, wakapakiwa, wakapelekwa kambini, huko mbali upande wa Kasulu. Ukishapanda lori wewe ni mkimbizi, na kutoka kambini haikuwa kazi ya siku moja. Mtaa wa pili kutoka kwetu kulikuwa na mama ambaye binti yake, mzaliwa wa Ujiji kabisa, alipakiwa hivyo. Mama yule alikwenda kumfuata, akarudi peke yake, akaenda tena, akarudi peke yake tena. Dada naye alikuwa ameondoka kwetu bila kitambulisho chochote, na kanga zake za harusi tu. Kama tusingemfikia kabla ya lori, tungekuwa na ndugu kambini katika nchi yake mwenyewe.

Habari ilikuja asubuhi, mama akiwa msibani Bangwe. Aliyeileta alikuwa mvuvi wa dagaa, suruali imelowa mpaka magotini, na alikataa kuketi kwa sababu wenzake walikuwa wanamsubiri waende Ilagala. Boti za abiria za kwenda kaskazini zilikuwa zimepigwa marufuku tangu risasi zisikike ziwani, lakini wavuvi walikuwa bado wanavua, na habari zilikuwa zinatembea kupitia kwao, zikirushwa kwa sauti kutoka mtumbwi hadi mtumbwi.

"Shikamoo mzee," alimwambia baba. "Ni ninyi wenye binti Rumonge?"

"Marahaba. Ni sisi. Kuna nini?"

"Nimeambiwa niwaambie: ejo Kagunga. Na mtoto."

"Nani kakwambia?"

"Wenzangu wa Mtanga, ziwani. Na wao wameambiwa na wa Mwamgongo." Akainua mkono kuaga. "Ni hivyo hivyo nilivyoambiwa mzee. Ejo Kagunga, na mtoto."

Akaondoka mbio. Nilikaa chini pale pale mlangoni. Yuko hai! Mtoto yuko hai! Nililia kwa sauti, na sioni aibu kusema hivyo. Baba hakulia. Baba alikwenda kwenye msumari akateremsha viatu.

Kagunga ni kijiji cha mwisho kwetu, ukingoni mwa ziwa, mpakani. Barabara haifiki. Kwa boti ni safari ya kawaida tu, watu wanakwenda na kurudi na magunia yao. Kwa miguu ni jambo jingine, na magari nayo siku zile yote yalikuwa yamekodiwa kwa kazi ya wakimbizi. Ilibidi kutembea.

"Kesho anafika Kagunga," baba alitangaza, akiwa ameshika viatu kifuani. "Ejo ni kesho. Nakijua Kiha cha kutosha, nisidanganywe na mtu. Ukienda sokoni huna bahati, wale mama wa vilimani wanakwambia uje ejo. Basi kesho anafika, atapumzika, mtoto amechoka. Tukiondoka kesho alfajiri tukafuata mwambao, tutakutana naye kabla hajapita msituni."

Akaleta mkeka. Akaleta bakuli la maharage. Ukingo wa mkeka ukawa ziwa, na maharage yakawa vijiji: Kibirizi, Mtanga, Mwamgongo, Kagunga. Vifuniko vya sufuria vikawa milima. Alikuwa amestaafu kazi stesheni ya reli, mtu wa ratiba, na kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona na furaha ya namna ile. Hapa tutapumzika adhuhuri. Hapa pana mawe, mtu hupita majini. Hapa msitu wa sokwe, usile ndizi hadharani. Akabadilisha harage moja la Mtanga akaweka kubwa zaidi kwa sababu kijiji ni kikubwa.

Nilimchukia. Nasema kweli, kwa muda ule nilimchukia baba yangu. Dada alikuwa kwenye vumbi mahali fulani na mtoto mgongoni, na huyu mzee alikuwa anachagua maharage.

"Baba, twende leo."

"Leo tukamsubiri wapi? Safari haiendwi kwa pupa. Ukifika mapema unakula chakula cha njiani bure, halafu unarudi na njaa."

"Hata kama. Twende."

"Mwalimu," alisema, na aliniita hivyo alipotaka kunikumbusha kwamba yeye ndiye aliyenisomesha, "kaa chini uone mpango."

Nikakaa chini nikaona mpango. Ulikuwa mpango mzuri. Nilikaanga dagaa, nikatwanga karanga, nikakunja kanga mbili za kumfunika mtoto, na kila nilipopita sebuleni nilikuta harage jipya. Jirani yetu, mzee muuza dagaa, aliitwa akaja akakubali kufuatana nasi. Wakaanza kubishana kama pale kwenye jabali linaloingia ziwani maji hufika kiunoni au kifuani.

Mama alirudi kabla ya adhuhuri, mtandio wa msibani bado kichwani. Aliona mkeka, viatu, uso wangu.

"Nani kafa?"

"Yuko hai," nilisema. "Anakuja. Na mtoto."

Mama aliweka mkono ukutani. Alibaki hivyo muda, midomo ikicheza kwa dua, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mmeambiwaje?"

"Kesho anafika Kagunga," baba alisema.

"Nimeuliza mmeambiwaje. Maneno yenyewe."

Mama yangu ni Muha wa vilimani, wa upande wa Kalinzi. Aliolewa Ujiji akiwa msichana na akakuta nyumba ya watu wa mji, ambao kwao Kiha kilikuwa lugha ya sokoni na shambani. Bibi yetu, mama wa baba, alikuwa akikohoa kila mama alipokiongea mbele ya wageni. Kwa hiyo alikiacha mlangoni. Sisi watoto tulikua hatukijui, zaidi ya maneno ya kubembelezewa, maana akiwa peke yake na mtoto mchanga mgongoni alijisahau.

"Kasema, ejo Kagunga, na mtoto," nilijibu.

"Ejo gani?"

"Ejo gani tena?" baba alisema. "Ejo. Kesho."

Mama alivua mtandio. "Baba watoto, ejo ni kesho. Na ejo ni jana."

Mzee muuza dagaa alikuwa ameshika harage hewani.

"Haiwezekani," baba alisema.

"Ni neno moja. Unalijua kwa maneno yanayolifuata. Amefika ejo, atafika ejo. Huyo mvuvi alisema amefika au atafika?"

Nilirudia moyoni kila neno alilosema yule kijana. Ejo Kagunga, na mtoto. Hapakuwa na amefika. Hapakuwa na atafika. Maneno yalikuwa yamepigiwa kelele juu ya maji usiku, mtumbwi kwa mtumbwi, na ya katikati yalikuwa yameanguka ziwani.

"Wewe unavyosikia, ni ipi?" nilimuuliza.

"Sijui mwanangu," alisema. "Nayo ni ejo ya nani? Ya huyu wa leo, au ya yule wa Mwamgongo, au ya siku aliyoisema mwenyewe? Kama ni jana, basi sasa hivi yuko njiani. Pengine ameshakaribia barabara. Na barabarani kuna malori."

Baba alitazama mkeka wake. Nilimwona anahesabu kimyakimya, akirudisha kila kitu nyuma, na kila alipofika mwisho alianza upya. Ile furaha yote ilikuwa imemtoka. Hakika nilimhurumia, lakini baadaye. Wakati ule nilikuwa nataka kutoka mlangoni tu.

Palibaki swali la njia. Kutoka Kagunga kuna njia mbili. Moja ni mwambao, mchanga na mawe, unatembea ziwa likiwa kando yako mpaka Kibirizi. Nyingine ni ya milimani: unapanda kutoka ziwani mpaka pumzi ikuishie, unatokea Kalinzi, halafu unashuka taratibu kwa Mwandiga hadi mjini. Hiyo ni ya kale kuliko mji wenyewe. Watu wa vilimani waliiteremka na maharage na mawese, wakapanda na chumvi na samaki wakavu.

"Mwambao," baba alisema. "Ni tambarare. Ana mtoto. Na yeye ni mtoto wa ziwa."

"Na pale kwenye jabali atapita na nini, mitumbwi imekatazwa kubeba watu?"

"Ataomba."

"Hatapita pale. Atapanda," mama alisema. "Alipokuwa mdogo nilimpeleka kwa mama yangu kwa njia ile. Nilimshika mkono mpaka juu. Akiogopa atafuata njia niliyompitisha mimi."

"Huo si mpango, mke wangu. Hayo ni mawazo tu."

"Basi wewe panga," mama alisema. "Mimi nakwenda."

Akaingia chumbani akatoka na kanga kavu kiunoni na raba zake za kwendea kisimani. Hakuchukua hata dagaa niliowakaanga, niliwakusanya mimi. Na baba, jambo ambalo sitalisahau kwa wema wake, hakumzuia. Alikaa juu ya mkeka wake akavaa viatu. Ngozi ililia. Kamba moja ilikatika mkononi mwake akaifunga fundo.

"Nyinyi milimani, sisi mwambao," alisema. "Mmoja wetu atakutana naye." Kisha akamtazama mama na kuongeza, kwa sauti ya chini ambayo hakukusudia niisikie, "Miaka yote hii hukuniambia kwamba ni jana pia."

"Hukuniuliza," mama alisema.

Tuliiacha nyumba na kufuli, ufunguo kwa jirani mwingine. Wao wakakata kuelekea Kibirizi, sisi Mwandiga. Jua lilikuwa limesimama utosini, saa ambayo mtu mwenye akili yuko ndani, na mama alitembea mbele yangu kwa mwendo nisioujua. Nyumbani alikuwa mtu wa polepole, wa kulalamikia kiuno. Njiani nilimkimbilia. Kila tulipokutana na watu wanaoshuka, wenye vikapu au watoto au mikono mitupu, aliwasalimia Kiha na kuuliza. Mwanamke, mtoto wa kike mdogo, anatoka Rumonge, anaongea Kiswahili cha Ujiji. Wengine walijibu kwa Kirundi na walielewana kama watu wa nyumba moja. Mimi nilisimama pembeni na diploma yangu ya ualimu bila kuelewa zaidi ya nusu. Hakuna aliyemwona.

Tulilala Mwandiga kwa binamu yake mama, kwa maana ya kwamba tulijilaza. Alfajiri tulikuwa njiani tena. Mimi nilikuwa na hesabu yangu kichwani, mbaya kuliko ya baba, maana kila hatua nilijiambia, kama ni kesho tuna muda, kama ni jana tumechelewa, na mguu wa kulia ukawa kesho na wa kushoto jana. Mwenye mashaka ya namna hiyo hachoki.

Barabara ilianza kupanda kwenye migomba na kahawa. Wenyeji walisema malori yako juu, Kalinzi, askari walifika jana yake na malori asubuhi ile, kwa sababu watu wengi walikuwa wanatokea mlimani. Mama aliposikia hivyo aliacha kuuliza akaanza kukimbia. Sikuwa nimewahi kumwona mama yangu akikimbia.

Malori yalikuwa matatu, kandokando ya gulio, migongo imefunguliwa. Moja lilikuwa limeshajaa na injini inanguruma. Watu walikaa kwenye nyasi kwa mistari, na akina mama wa kijiji walikuwa upande wa pili wa barabara na ndizi zao, wakitazama. Nilimtambua kwa mgongo. Alikuwa amekonda, kanga aliyovaa siijui, lakini namna ya kusimama na mguu mmoja umelegea ni ya dada yangu tangu tulipokuwa tunapanga foleni ya maji. Mtoto alikuwa mgongoni. Alikuwa amesimama mbele ya askari, zamu yake imefika.

Tulikuwa karibu vya kutosha kusikia.

"Umefika hapa lini?" askari alimuuliza. Alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na Kiswahili chake kilikuwa cha mbali, cha mtu aliyehamishiwa kwetu kutoka mikoa ya mashariki.

"Mimi ni wa Ujiji," dada alisema. "Nimezaliwa Ujiji."

"Nimeuliza umefika hapa lini."

"Ejo," dada alisema.

Neno lilimtoka tu. Alikuwa amekaa miaka ng'ambo, ameliongea kila siku na mume na majirani na mtoto, na alikuwa hajalala sijui tangu lini. Basi neno hilo likatujibu sisi pia: kama Kalinzi alifika jana, ejo ya mvuvi nayo ilikuwa jana. Kama tungefuata maharage ya baba tungekuwa tunaloweka miguu Mtanga wakati huo.

Askari alicheka kidogo, bila ubaya, akaonyesha lori. "Haya wa Ujiji. Panda."

"Mwanangu huyo!" mama alipiga kelele. "Mwanangu! Usimpakie!"

Dada aligeuka. Sitaki kuandika uso wake ulivyokuwa. Mama alimshika mkono akang'ang'ania, na mtoto akaanza kulia, na dada, kwa mazoea, akambembeleza kwa Kirundi. Nikaona askari anasikiliza.

"Afande, huyu ni dada yangu," nilisema. "Mimi ni mwalimu, Buzebazeba. Sisi ni Watanzania. Anarudi na sisi sasa hivi."

"Mwalimu, leo kila mtu hapa ana ndugu Ujiji."

"Huyu ni kweli!"

"Mtanzania gani anasema ejo? Amenijibu mwenyewe. Ejo, ejo, siku tatu nasikia ejo. Hiyo ni lugha ya huko walikotoka. Wala usinipigie kelele, nitakupandisha na wewe."

Nilimpigia kelele zaidi. Hasira ni ugonjwa wangu, na siku ile ilinivua akili zote. Nilimtaja mkuu wa wilaya nisiyemjua, nikamwita mtoto mdogo. Akaita mwenzake. Mwenzake alimshika dada mkono wa pili, na sasa dada alikuwa katikati, mama huku na askari kule, mtoto akipiga mayowe mgongoni. Nikajua kwamba tumempata na tunampoteza.

Hapo mama akasema, "Mimi nasema ejo."

Alisema kwa Kiswahili, kwa utulivu. Kisha akahamia Kiha, na hakunong'ona. Sikuwahi kuisikia sauti ile. Ilitoka kifuani, pana, ya mtu anayeita kutoka kilima kimoja hadi kingine, na aliielekeza ng'ambo ya barabara, kwa wale mama wa ndizi. Nilielewa kidogo kidogo: alitaja jina la baba yake, na kilima chake, na kisima. Alitaja aliyemzaa na waliomzika. Alisema, huyu ni mwanangu, wanataka kumchukua kwa sababu ya ejo.

Mama mmoja wa ndizi alisimama. Alijitwisha mkungu wake, akavuka barabara, akaenda moja kwa moja nyuma ya lori.

"Afande, nipandishe," alisema. "Na mimi nasema ejo."

"Wewe mama, hayakuhusu."

"Nipandishe. Nimezaliwa pale, unaona ule mgomba? Ejo nilikuwa pale. Ejo nitakuwa pale."

Wa pili akavuka. Wa tatu. Mzee mmoja wa kijiji alimpa askari fimbo yake amshikie ili apate kushika bodi ya lori, akaomba asukumwe kwa nyuma, maana magoti yake mabovu. Watu waliokaa kwenye nyasi walianza kucheka, waliotoka vitani na wasio na chochote, walicheka. Askari alibaki na fimbo ya mzee mkononi. Akamgeukia mtendaji wa kijiji aliyekuwa kivulini akihesabu watu.

"Ni kweli? Hapa wanasema hivyo?"

"Wote," mtendaji alisema. "Hata mimi. Ejo ulinikuta naongea na mke wangu, ulidhani tunaongea nini?"

Askari alimtazama dada, akamtazama mama. Alikuwa amechoka kuliko sisi. "Mchukueni," alisema. "Ila mwambieni ajifunze kusema jana."

Mama alikuwa ameshamfungua mtoto mgongoni mwa dada na kumfunga kwake, na alikuwa anamwambia maneno yale ya kubembelezea, yale yale tuliyoambiwa sisi, na mtoto aliyajua yote. Yule mama wa kwanza alitupa ndizi za njiani akakataa shukrani. Lori lililojaa liliondoka. Wale waliokuwa ndani yake walitutazama mpaka kona, na kicheko changu kiliishia hapo, maana wao pia walikuwa na mama zao mahali.

Njia nzima ya kushuka dada alitembea mbele yetu. Nilitaka kumuuliza alipo mume wake, na kila nilipofungua mdomo mama alinikata na habari za migomba.

Baba alirudi siku mbili baada ya sisi kufika nyumbani, viatu vimening'inia begani kwa kamba, miguu mitupu imejaa malengelenge. Alikuwa ameusimamisha kila msafara mwambao mzima. Mzee muuza dagaa alitwambia baadaye kwamba pale kwenye jabali maji yalifika kifuani, na baba aliingia bila kuuliza kina. Alipomwona dada ameketi jikoni alisimama mlangoni akalia kwa sauti, yeye ambaye siku ya habari hakutoa hata chozi. Akakaa chini kando yake juu ya sakafu. Mkeka ulikuwa bado sebuleni na maharage yake, hakuna aliyeugusa.

"Na mwenzako?" alimuuliza, alipopata sauti. "Mkwe wangu yuko wapi?"

Dada alikuwa anachambua dagaa. Hakuinua kichwa.

"Tuliachana njiani, alirudi kumchukua mama yake," alisema. "Alisema ejo."

Baba alifungua mdomo. Niliona swali likija: ejo gani? Sasa alikuwa analijua. Mama alimtazama. Baba akaufunga mdomo, akavuta sinia, akaanza kumsaidia dada kuchambua dagaa.